Siku niliyochinja ng'ombe wote mbele ya baba: mbinu za gemu la vita vya kale, Mwanza ya miaka ya tisini

Wakuu, salaam kwenu nyote, mliopo mjini na mliopo shamba.

Nimepita kwenye ule uzi wa vijana wanaobishana kuhusu magemu ya vita vya kale. Yale ya kujenga mji, kulima, kukata miti, kuunda jeshi, halafu unaenda kuvunja mji wa mwenzako. Nimecheka peke yangu hadi mke wangu akaniuliza nina nini.

Vijana mnajua kubonyeza. Kucheza bado.

Leo nawapa ya kwangu. Ni kweli tupu, sijaongeza chumvi. Jina la gemu naliacha, mods wasije wakasema natangaza biashara. Waliolicheza watalitambua kwa harufu tu.

Ilikuwa Mwanza, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nafanya kazi kilikuwa kinatafutiwa mwekezaji, na sisi wa chini tukapunguzwa. Mwekezaji tukamsikia tu redioni.

Mzee wangu alikuwa Usagara, kijijini kwetu nje kidogo ya Mwanza, na ng'ombe wake. Aliposikia nimepunguzwa hakunipa pole. Alituma neno fupi: rudi nyumbani, ng'ombe hawana mchungaji, wadogo zako wako shule. Nikamwomba anivumilie hadi mavuno. Kama mavuno yatapita sijapata kazi, nitafunga mzigo mwenyewe.

Wakuu, mimi kurudi kuchunga sikutaka. Naheshimu ng'ombe, nimekua kwa maziwa yao, lakini mji ulikuwa umeshaniingia.

Sasa mitaa ya karibu na kivuko cha Kamanga, upande wa mjini, kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara, tumwite Mama Salha. Alianza na mitumba, baadaye akawa anakwenda Dubai na kurudi na kila kitu: redio, feni, pasi. Safari moja akarudi na kompyuta. Akazipanga kwenye chumba nyuma ya duka, fundi akaziunganisha kwa waya. Asubuhi watu wanajifunza kuchapa, mchana ni gemu.

Hapo ndipo nilipohamia. Sikuwa na pa kwenda, na gemu likanikubali.

Ngoja niwape vitu vya msingi kwanza, maana kuna newbie humu.

Unaanza na jengo moja kubwa la katikati. Sisi tuliliita boma. Unakuwa na raia wachache wa kufanya kazi, tuliwaita wananchi, na askari mmoja wa farasi wa kupeleleza. Pia unakuta ng'ombe wachache wamesimama hapo jirani, wa kuchinja upate chakula cha kuanzia.

Boma lisilale. Hii ndiyo siri ya kwanza na watu bado wanaidharau. Kila wakati boma litoe mwananchi mpya. Ukiliona limekaa kimya, jua mwenzako anakuacha. Mnakimbilia kutengeneza wapanda farasi kwa sababu wanapendeza, halafu hamna wa kulima. Jeshi linakula, wakuu.

Chakula na mbao usivirundike. Nimeona mtu anapigwa hadi boma linaanguka, ghala limejaa. Unamtunzia nani?

Na mwenye farasi mpelekee mikuki, mwenye mikuki mpelekee mishale. Hili liko wazi, lakini ukichanganyikiwa unasahau.

Basi kwa mbinu hizo nilikuwa nampiga kila mtu pale ndani. Sijisifu. Wengine waliacha hata kukaa kompyuta ya jirani na yangu.

Isipokuwa mmoja.

Majura. Mkerewe wa kisiwani, mwembamba, mpole, alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Vibarua vikipungua anakuja kucheza. Huyu alikuwa ananipiga hadi namwota.

Nilichukua muda kuelewa ananipigaje.

Angalieni hapa. Mtu anapocheza gemu hili, anacheza kwao. Kulikuwa na jamaa wa Bukoba, yeye kabla hajajenga chochote analima. Mashamba yamepangwa vizuri, unaona huruma kuyachoma. Majura mwenyewe ukimpa ramani yenye ziwa, anakwenda majini kwanza. Gati, mitumbwi ya uvuvi, gati la pili.

Na mimi? Mimi nilikuwa sichinji ng'ombe.

Msicheke. Nawajengea na uzio. Nachuma matunda, nawinda swala, ng'ombe wangu wamesimama wazima, nawaangalia, moyo unatulia. Msukuma yeyote humu anajua ninachosema. Ng'ombe unawaongeza, huanzi maisha kwa kuwamaliza. Tatizo ni kwamba ng'ombe wa kwenye kompyuta hazai. Nilijua kabisa kwamba hazai, na bado nikawafuga!

Sasa gemu lina sheria moja mbaya. Ng'ombe akikosa mtu wako karibu, halafu askari wa adui akamfikia, anageuka rangi. Anakuwa wa adui. Majura alikuwa anavunja kipande cha uzio, anaswaga ng'ombe wangu kuelekea msituni.

Kwetu ukipigwa mwano, lile yowe la ng'ombe kuibwa, hakuna anayebaki nyumbani. Wanaume wote wanatoka na silaha, wanafuata nyayo hadi wapatikane. Ndivyo nilivyokuwa nafanya. Jeshi zima nyuma ya ng'ombe! Huku nyuma Majura anaingia bomani na magogo ya kubomolea, taratibu, hana hata presha.

Kila mara. Na kila mara nilijiambia sitarudia, na nikiona ng'ombe wanageuka rangi mkono unaenda wenyewe.

Siku moja Mama Salha akatuita wote wawili. Alikuwa anataka msimamizi wa kile chumba, mtu wa kufungua, kupokea wateja na kuwafundisha wageni. Mshahara wa mwezi, si kibarua. Tukaanza kujieleza, nani alisoma wapi, nani anajua kuchapa. Akatukatisha.

"Nyie wanangu wote nawajua, na wote ni waaminifu," akasema. "Mimi hayo ya usaili sina muda nayo, nina mzigo bandarini. Wateja wanakuja kwa ajili ya hili gemu. Jumamosi mcheze mbele yao. Atakayeshinda, kiti chake."

"Na atakayeshindwa, mama?" Majura akauliza.

"Atakuwa mteja wangu kama kawaida."

Mavuno yalikuwa yameshaisha. Kwa hiyo Jumamosi ile kwangu haikuwa gemu. Nikishindwa, naenda Usagara kuchunga.

Na kuongezea, mzee mwenyewe akatokea. Alikuja asubuhi hiyo hiyo kunichukua, kofia kichwani na fimbo mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mzigo uko wapi?"

Nikamwambia kuna usaili mchana, anipe nafasi hiyo moja. Akasema sawa, atakuja kuuona huo usaili. Sikuwa na jinsi, nikaenda naye.

Mama Salha akamwamkia kwa heshima, akamletea soda na kiti, mzee akakaa nyuma yangu kabisa. Chumba kilijaa. Mzee akaitazama kompyuta, akaniuliza, "Hawa ni ng'ombe?"

"Ndiyo baba. Wa kwangu."

"Wazuri," akasema. Akasogeza kiti mbele kidogo.

Wakuu, hapo ndipo mambo yaliponiwia magumu. Maana usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeshaamua nitakachofanya, na sikutegemea kukifanya huku mzee ananipumulia kisogoni.

Gemu likaanza. Nikawaleta ng'ombe wote chini ya boma. Nikaamuru wananchi wachinje.

Wa kwanza. Wa pili. Nikamsikia mzee anakohoa. Jamaa mmoja wa Misungwi akapiga kelele, "Wewe, unachinja hadi majike!" Chumba kizima kikacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona aibu kweli, masikio yanawaka moto. Nikaendelea hadi wakaisha.

Hapa vijana mnisikilize vizuri, ndiyo mbinu yenyewe. Chakula cha mwanzo kina nguvu kuliko chakula cha baadaye. Ng'ombe wale walinipa wananchi wengi mapema. Wale wananchi wakanipa mbao, mbao zikanipa kambi, kambi ikanipa mikuki wakati Majura bado anajenga gati lake.

Mpelelezi wake akaja kama kawaida, akiutafuta uzio. Hakuna uzio. Hakuna ng'ombe. Akazunguka, akarudi, akazunguka tena, akasogea mno kwenye boma, mishale ikammaliza.

Majura akanigeukia. "Ng'ombe wako wapi?"

"Tumekula," nikamjibu.

Alikuwa ameshatayarisha wapanda farasi wa kuniibia. Nikawapokea kwa mikuki. Hapo nilianza kujisikia mwenyewe, wakuu, sitaficha.

Kisha nikampiga alikoniumiza mimi, ila kwa upande wake. Nikatuma kikosi kidogo ziwani kuchoma gati. Kidogo tu, watu wa kufa. Mitumbwi yake ikaanza kuwaka moto na Majura akainuka kitini. Alileta kila alichokuwa nacho. Kila mkuki, kila farasi, hata wananchi waliokuwa shambani wakakimbilia majini. Mtu wa kisiwani anaona mitumbwi inaungua, atafikiria nini kingine?

Boma lake likabaki wazi. Nikaingia na magogo upande wa pili, taratibu, bila presha.

Lilipoanguka alikuwa bado anaangalia ziwa.

Majura ni muungwana. Akanipa mkono, akacheka, akasema, "Leo umekuwa mtu mwingine." Mama Salha akanikabidhi funguo pale pale mbele ya watu.

Nikamgeukia mzee. Nilitegemea atafurahi, au atagomba. Nilikuwa tayari kwa vyote viwili.

Alikuwa ameshasimama.

"Umewachinja wote," akasema.

"Ndiyo baba."

"Hata wa mbegu hukubakiza."

"Baba, hawa hawazai. Ni wa gemu tu."

"Nimesikia ni wa gemu, mimi si mtoto." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Lakini nimekutazama. Mkono wako haukutetemeka. Mtu anayepanga kurudi, hata kwa mchezo, anabakiza jike moja."

Mkono ulitetemeka, wakuu. Yeye alikuwa amekaa nyuma yangu, hakuweza kuuona.

Tukatoka nje. Akaniambia yule dume mweusi aliyekuwa amenitengea tangu nikiwa mdogo, pamoja na majike yake, atampa mdogo wangu Shija. Shija ndiye atakayebaki nyumbani, kwa hiyo ndiye wa kuwa nao. Akaniambia nije kumsalimia mama mara kwa mara, na nile vizuri, mjini watu wanakula ovyo. Kisha akaweka kofia sawa akaenda stendi.

Nilikuwa nimepata kazi niliyoitafuta kwa moyo wote, funguo ziko mfukoni, na ng'ombe wangu wa kweli ndio walikuwa wanaondoka na yule mzee pale barabarani. Mdomo ulifunguka kumwita. Nikaufunga. Ningemwita, ningesema nini? Kwamba narudi? Nisingerudi. Aliona sawasawa.

Ile kazi ndiyo iliyonifikisha nilipo. Nilifundisha nusu ya makarani wa mji ule kushika mouse. Sijutii, na nikiulizwa tena nachinja tena. Ila siku ile nililia, nyuma ya duka la Mama Salha, katikati ya marobota ya mitumba. Majura ndiye aliyenikuta, akakaa pembeni yangu.

Kwa hiyo vijana, acheni kubishana farasi na mishale. Mpinzani mzuri hasomi jeshi lako. Anatafuta kitu ambacho huwezi kukiachia, anakigusa hicho, na wewe mwenyewe unamfungulia mlango. Kijue kitu chako kabla hajakijua yeye. Na ukiamua kukiachia ili ushinde, kiachie ukijua kwamba hakirudi.

Haya, uwanja ni wenu. Tajeni kabila mnalochagua kwenye gemu, ramani na mtindo mnaochezea, niwaambie mnapigiwa wapi. Na kama kuna mtu humu alishinda kitu halafu akatoka nje kulia, aandike tu, hapa hatuchekani.