Mapigo ya Mwisho ya Baba

"Hivi jirani, huko kazini kwenu mnapigwa? Mbona kila jioni unarudi macho mekundu?"

Jirani alimuuliza hivyo mlangoni, nusu mzaha, nusu huruma. Yule dada akatabasamu, akasingizia vumbi la karakana. Angemwambiaje kwamba kutwa nzima alikuwa akimtazama baba yake akikata roho upya kwenye skrini?

Alikuwa fundi wa programu katika karakana ya mashine za hospitali. Mashine iliyokuwa ikifuatilia moyo wa baba yake, Mungu amrehemu, ilizimika ghafla bila kupiga kengele. Muuguzi alipofika, mzee ameshaondoka, na mwanawe wa kiume, mdogo wake yule dada, amesinzia kitini, chaja ya simu yake imechomekwa ukutani. Mashine ikawashwa, ikafanya kazi vizuri tu. Basi lawama zote zikamwangukia kijana: kachomoa waya wa baba achaji simu. Alikana mpaka sauti ikamkauka. Mama yao akaacha kumsemesha, na kijana akahama nyumba.

Dada alimjua mdogo wake. Mzembe ni mzembe, lakini mwongo siye. Akaomba mashine ile iletwe mezani kwake, akailisha mapigo ya mwisho ya baba yaliyobaki yamerekodiwa kwenye kompyuta ya wauguzi. Akayarudia na kuyarudia, huku moyo wake mwenyewe ukichanika. Ndani ya kiini cha mfumo, ile programu inayozitawala nyingine zote, aliweka amri za kuandika kila hatua kwenye skrini, apate kuona inapoangukia. Mashine ikatulia tuli, haikuzimika hata mara moja.

"Dada, hii inakuogopa," fundi mwenzake akamtania. "Iondolee macho uone vituko vyake."

Alicheka, kisha kicheko kikamkatika. Kule kuandika ndiko kulikokuwa kukiichelewesha mashine, ubovu ukajificha. Akazifuta amri zote, akabakiza alama ndogo tu kwenye kumbukumbu, za kusomwa baadaye. Akamwomba Mungu, akayarudisha mapigo. Akajaribu tena, na tena, mpaka skrini ikawa nyeusi.

Alama zikasema. Moyo uliposhuka mno, kazi mbili ziliamka kwa pamoja: ya kupiga kengele na ya kuwaarifu wauguzi. Zote zilikimbilia sehemu moja ya kumbukumbu. Mara nyingi hupishana. Zikigongana, kiini huanguka na mashine yote nacho. Yaani ilimtupa mzee pale pale alipoihitaji.

Jioni akakaa jikoni na mama yake, akamweleza taratibu. Mama aliendelea kuchambua mchele ambao ulishachambuliwa.

"Kwa hiyo hakugusa waya."

"Hakugusa, mama."

"Nami nilimkataza asikanyage kaburini."

Mama akajifuta uso kwa upindo wa nguo.

"Mpigie basi, mwanangu. Wewe ndiye unayejua kueleza mambo ya mashine."

Dada akamwekea simu kiganjani.

"Mama, mpigie wewe. Ya mashine nitamweleza mimi baadaye. Wewe mwambie tu arudi nyumbani."