Ndafu Aliyevuja Jamu

Hadi leo nikipita Mtaa wa Sikukuu kuna mama mmoja muuza vitenge ambaye akiniona tu anaweka vidole viwili kichwani kama pembe na kulia "meee!", na mimi, mtu mzima mwenye diploma ya keki na vitamutamu ya ng'ambo, nainamisha kichwa na kuongeza mwendo. Sasa kabla hamjalisikia kwake pamoja na chumvi zake, lisikieni kwangu. Aibu ni yangu, acha niigawe mwenyewe.

Kwanza mnifahamu (mnaonijua mvumilie, napenda sana kulisimulia hili). Mimi ni Sudi wa Buguruni, niliyeondoka mji huu sina hata begi la maana nikaenda Maskati kuosha masufuria kwenye jiko la hoteli, kutoka masufuria nikasogea kwenye unga, kutoka kwenye unga nikasogea kwenye krimu, nikawa nasoma kila nikitoka zamu mpaka nikapata diploma, ambayo nilikuja kuitundika sebuleni kwa mama, ndani ya kioo chenye ukingo wa dhahabu, juu kidogo ya televisheni, ili mgeni akiangalia taarifa ya habari na yenyewe aisome. Hakunisomesha mjomba wala shangazi. Nimejisomesha.

Niliporudi nilikuwa na ndoto moja tu: duka langu la keki Kariakoo. Lakini Kariakoo fremu ya duka haipatikani kwa kutafuta, inapatikana kwa kupendwa. Na mwenye fremu niliyoipenda, ya kona, yenye jua la asubuhi na watu wanaopita pande zote mbili, alikuwa Mzee Tarimo, Mchaga wa Marangu anayeuza unga na sukari kwa jumla, ambaye ghorofa lile ni lake kuanzia msingi hadi tangi la maji. Nilikuwa mteja wake wa unga. Nikajitutumua siku moja nikamwomba.

"Kijana," akaniambia bila kuinua macho kwenye kikokotoo chake, "wenye hela Kariakoo wamejaa. Fremu nampa mtu ninayemjua. Wewe bado sikujui."

Nikasema moyoni, utanijua tu. Na Mungu si Athumani, wiki hiyohiyo mkewe, Mama Tarimo, akanishika mkono dukani: "Sudi baba, tunafanya jubilei ya ndoa yetu. Njoo kwenye kamati, tunataka utufanyie kitu kitamu."

Kikao cha kamati kilifanyika nyuma ya duka, tumekalia viroba vya sukari. Mwenyekiti alikuwa mdogo wake Mzee, Baba Eliya. Akasema ukumbi wa Upanga umepatikana, pilau na kuku wana mpishi wao, vinywaji tayari. "Kimebaki kitu kimoja. Ndafu."

Ndafu, kwa ambaye hajawahi kualikwa na Wachaga (pole yako), ni mbuzi anayebanikwa mzimamzima, anaingizwa ukumbini amepiga magoti kwenye ubao, majani mdomoni, kwa ngoma na vigelegele, kisha wenye sherehe wanamkata kama watu wengine wanavyokata keki. Kwao sherehe isiyo na ndafu ni kikao tu.

Hapo ndipo shetani wa sifa alipoingia. Nikanyoosha mkono. "Ndafu niachieni mimi."

Baba Eliya akanitazama kuanzia viatu. "Wewe? Mtu wa pwani utajulia wapi kubanika ndafu?"

"Baba Eliya, kule nilikotoka nimewahi kuwaandalia wageni ngamia mzima. Mbuzi atanishinda?"

Wakacheka, wakapiga makofi, wakafuta ndafu kwenye bajeti. Ambacho sikuwaambia ni kwamba yule ngamia alikuwa wa keki, na kwamba huyu mbuzi naye angekuwa hivyohivyo. Nilitaka iwe sapraizi. Nilishaiona picha nzima: Mzee anakata, anakuta keki, ukumbi unasema "aaa!", ufunguo wa fremu unatoka mfukoni.

Mama yangu ndiye pekee niliyemwambia, kwa sababu niliokea jikoni kwake. Alisimama mlangoni na upawa akiangalia nikichonga mbavu.

"Sudi, si hao watu wanamsubiri mbuzi?"

"Mama, siku hizi watu wanapenda sapraizi."

"Sapraizi ni kitu cha kuongeza, mwanangu. Hiki unawapunguzia."

Nikamwonyesha kule sebuleni ilipo diploma. (Ndiyo, nilifanya hivyo. Kwa kidole.)

Lakini na nyie msinidharau, ile keki ilikuwa keki! Unga nilichanganya na tui zito la nazi na iliki, kama mama alivyotuokea sikukuu zote za utoto wangu, laini mpaka ukiigusa inarudi juu yenyewe. Miguu niliiunga kwa vijiti. Ngozi nikaipaka sukari guru iliyoungua, nikaiachia mabaka meusi kidogo kama ya mkaa, masikio ya biskuti, macho ya zabibu kavu, na mdomoni kitita cha majani mabichi ya kweli. Ndani, kuanzia shingoni hadi tumboni, nikamjaza jamu ya choya, nyekundu iliyokolea, maana darasani tulifundishwa kwamba katikati ya keki kukiwa na rangi ndipo watu wanaposema "aaa".

Nikampakia kwenye kirikuu ya kukodi, mimi nyuma nimemshikilia miguu. Kwenye foleni dereva wa bodaboda akachungulia akameza mate: "Bro, huyo mbuzi kanona, mnampeleka wapi?" Nikavimba kichwa. Nikawaza, kama barabarani hawajagundua, ukumbini nani atagundua?

Tukafika Upanga, kumbe viyoyozi vya ukumbi vimegoma. Joto la Dar mnalijua, na sukari guru nayo inalijua. Ikaanza kutoa jasho. Nikapata wasiwasi, lakini akina mama wa jikoni walikuwa wanapita wakisema, "Tazama mafuta yanavyomchuruzika! Huyu kalishwa vizuri," basi nikatulia, nikavaa koti langu jeupe na ile kofia yangu ndefu ya mpishi.

MC akaita. Muziki ukapigwa, wanawake wa ukoo wakatangulia kwa sare zao za kitenge, wanaume wanne wakabeba ubao, mimi mbele kama bwana harusi. "Mangi, simama uone mambo!" MC akamwambia Mzee Tarimo. "Mpishi wetu karudi kutoka ng'ambo na ujuzi wake!" Watu wakapiga vigelegele. Mbele kabisa alikaa Bibi, mama yake Mzee, mkongwe mdogo kama mtoto, fimbo mkononi, leso mapajani. Pembeni yake alikaa kaka yake Mama Tarimo, aliyeletwa na basi kutoka Marangu kwa ajili ya siku hiyo, bakuli la pilipili tayari liko gotini. Kwenye ukoo wao kila kiungo cha ndafu kina mwenyewe: kipande cha kwanza ni cha Bibi, na mguu ni wa huyo mjomba wa upande wa mke. Hilo nililijua siku ile, na nililijua kwa kuchelewa.

Mzee na Mama Tarimo wakashika kisu pamoja. Sasa, mtu aliyezoea kukata mbuzi anakandamiza, kwa sababu anatarajia mfupa. Mzee akakandamiza. Kisu hakikukutana na chochote, kikapita shingo yote hadi kwenye ubao kwa kishindo, kichwa kikang'oka, kikabiringika na majani yake mdomoni mpaka miguuni kwa mjomba, na pale shingoni jamu yangu ya choya ikaanza kutoka, polepole, nzito, nyekundu, ikamwagikia suti nyeupe ya Mzee.

Hakuna aliyesema "aaa".

"Jamani, mbuzi mbichi!" sauti ikatoka nyuma.

"Ana damu! Ana damu huyo!"

"Huyu hata hakuchinjwa sawasawa!"

Viti vikaanza kuanguka. Yule mama wa vitenge (ndiyo, alikuwepo) akapanda juu ya meza. MC akashika maiki: "Ndugu wageni, tulieni, mbuzi hana kichwa, hawezi kumfukuza mtu."

Nikamnyang'anya maiki. "Si mbuzi! Jamani, si mbuzi! Ni keki!"

Nilidhani hilo lingesaidia. Kelele zilikatika kama umeme. Mjomba akainama, akaokota kile kichwa kwa pembe, akakinusa, akalamba kidole.

"Iliki," akasema. Kisha akamgeukia Mzee Tarimo, taratibu kabisa. "Shemeji. Nimesafiri kutwa nzima nije kula keki?"

Mzee alinitazama mimi. "Sudi. Mbuzi yuko wapi?"

"Ndiye... ndiye huyu, Mzee."

"Nimekuuliza mbuzi."

Hapo nikaona kwa macho yangu ile fremu ya kona ikifungwa kufuli. Na mtu akichanganyikiwa hafanyi la maana, anafanya lililo karibu, basi mimi nikamwomba mjomba kichwa, nikapiga magoti, nikaanza kukirudisha kwa vijiti vya meno mbele ya ukumbi mzima. Kichwa kikakaa upande kama kinasikiliza. Nilipoinuka kofia yangu ikatumbukia kwenye jamu. Nikaivaa hivyohivyo. Msiniulize kwa nini.

Ndipo ikasikika fimbo sakafuni. Ngo, ngo, ngo.

"Kipande changu kiko wapi?" akauliza Bibi.

Mama Tarimo akamwinamia. "Mama, si nyama. Huyu kijana katuletea keki."

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza kipande changu."

Haki yake ni haki yake, nani atabisha? Mama Tarimo akakata bega, akampa kwa mikono miwili. Bibi akatia mdomoni, akafumba macho. Ukumbi mzima ulikuwa unaangalia mashavu yale mawili yakienda na kurudi. Akameza. Akaikunjua leso yake, akaionyesha pande zote kwamba haina kitu.

"Tangu meno yangu yaishe," akasema, "kila sherehe mnanipa nyama ya heshima. Nashukuru, naificha humu, nikifika nyumbani nampa paka. Paka kanenepa kwa heshima zangu. Leo nimekula mwenyewe." Akaninyooshea fimbo. "Aika, mwanangu. Leteni na mguu."

Aika ndiyo asante yao, na mimi sijawahi kupewa asante iliyonifikia kifuani kama ile. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Wazee wenzake, ambao kumbe na wao walikuwa na leso zao, wakaanza kunyoosha sahani. Mjomba alikula kipande chake na pilipili, kwa ubishi tu, akaongeza.

Nikajidanganya kwamba yameisha. Wageni walipoanza kutoka, Mzee aliniita pembeni, suti yake nyekundu kifuani.

"Mama yangu amekula. Hilo nimeliona," akasema. "Lakini shemeji yangu anaondoka bila mguu wake. Na hilo nimeliona. Kwetu hilo si mzaha, Sudi. Nitamzuia asisafiri. Jumapili njoo nyumbani na mbuzi. Anayetembea."

Jumapili nilikwenda naye kwa kamba, tukimvuta mimi na mama yangu, ambaye alikataa katakata kubaki nyumbani. Baba Eliya akanifundisha kubanika, akinitania kila nilipomgeuza ("huyu hana jamu, usiogope"), moshi wote ukanipata machoni. Alipoiva nikauchukua mguu, nikapiga goti kwa mjomba, nikamwambia, "Shikamoo, mjomba. Nilikupunja. Naomba upokee chako."

"Marahaba." Akaupokea. Akatafuna kwa muda mrefu, macho yake kwangu, na mimi bado nimepiga goti, nasubiri kama siku ya majibu ya diploma. Akafuta mdomo.

"Ile keki," akauliza, "haikubaki hata kidogo?"

Mzee Tarimo alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akaniwekea ufunguo kiganjani. "Haya," akasema. "Sasa nakujua."

Basi ndiyo hivyo. Duka liko pale kona, jua la asubuhi linaingia, na diploma nimeihamishia huko (sijasema nimeacha sifa, nimesema nimepata aibu). Keki ya ndafu natengeneza, tena inaombwa sana, lakini mteja akija namuuliza kwanza: mbuzi wa kweli yupo? Akisema hayupo, simfanyii, hata akilia, maana sapraizi ni kitu cha kuongeza na mimi nimeapa sitampunguzia tena mtu kilicho chake. Isipokuwa Bibi. Yeye kila Jumapili hutuma mtu kwangu achukue mguu, wa tui na iliki, na paka wake, nasikia, amekonda.