Masale ya Jukwaani

Kama kuna kazi ya kumzeesha mtu kabla ya wakati, ni kuwaburudisha wageni wanaosubiri kupanda Mlima. Najua, kwa sababu kikundi chetu cha ngoma huku Old Moshi kilinichagua niwe msemaji. Sifa yangu ilikuwa moja: nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto wakubwa kuliko mwalimu, na Kiingereza nilichotoka nacho kinaweza kubeba mkungu wa ndizi hadi Himo bila kukatika.

Mwongoza watalii mmoja wa mjini alituahidi wageni Jumamosi mchana. Wakifurahi, angeleta wengine kila wiki. Wasipofurahi, angewapeleka kwa wenzetu wa Mwika, na wenzetu wa Mwika walishaanza kutucheka. Alipokuja kukagua mazoezi aliuliza kwa nini haturuki juu, maana wageni wanapenda watu wanaoruka. Nikamweleza kwamba wanaoruka ni Wamasai. Akasema sawa, lakini tulifikirie.

Hilo nililimeza. La shemeji yangu ndilo lililonikaba.

Shemeji, kaka wa mke wangu, alipewa kazi ya kupamba uwanja. Asubuhi nilipofika nilikuta pamependeza kama harusi ya waziri, masale, mimea ile ya majani marefu ya kijani, yamefungwa kwenye kila nguzo ya turubai. Nikamsifu. Kisha nikamuuliza kayatoa wapi.

"Pale pale nyumbani, shem. Yalikuwa yamejipanga vizuri."

Yamejipanga. Masale yaliyojipanga, kwa Mchagga yeyote aliyekuzwa na watu, ni mpaka wa kihamba, shamba la urithi. Na mpaka ule, kati ya shamba la shemeji na la mzee jirani yake, ulipatikana kwa vikao vya ukoo virefu kiasi kwamba ndama waliozaliwa vikao vikianza walichinjwa wakiwa wazee vikiisha. Na mzee jirani ndiye mwanzilishi wetu wa nyimbo. Asipotoa sauti yeye, sisi wengine hatuna cha kuitikia.

"Si umekata juu tu, shem? Mashina yamebaki?"

"Aa, nimeng'oa na mizizi. Yasinyauke."

Tulimkuta mzee ameketi kwenye kigoda mlangoni kwake, vazi la ngoma amelikunja magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia mpaka wangu umeenda kucheza ngoma."

Kwetu ukimkosea mtu unachukua jani la isale, unalipiga fundo, unampelekea. Akishapelekewa hana njia ya kukunyima msamaha. Shemeji akachomoa jani mfukoni, akalifunga, akalinyoosha kwa mikono miwili. Mzee hakulipokea.

"Hili umelitoa wapi?"

"Uwanjani, mzee."

"Yaani unaniomba msamaha kwa jani langu mimi mwenyewe?"

"Mzee, jani si ni jani tu?"

"Mangi," mzee akamwambia shemeji taratibu, kama tunavyoitana wanaume huku, "katafute jani lisilo na kesi."

Jani lisilo na kesi lilikuwa ng'ambo ya mto, kwa shangazi yake shemeji, mama ambaye hakupi hata maji ya kunywa bila kwanza kukuuliza habari za kila mtu aliye hai na nusu ya waliokufa. Shemeji akaenda. Wageni wakafika.

Niliwapa kinu watwange kahawa. Wakatwanga, wakapepeta, wakakaanga, wakanywa. Nikawaambia turudie, kwa sababu ya kwanza ilikuwa ya mazoezi. Mama mmoja wa makamo, mgeni mwenye buti kubwa kama za askari, akauliza ngoma inaanza lini. Nikasema mwanzilishi anaandaa koo. Mwongozaji akanivuta pembeni.

"Kaka, kahawa hata hotelini ipo."

"Waambie hii ni ya kinu."

"Nimeshawaambia. Wameshakunywa kinu kizima."

Ndipo shemeji alipotokea, tope mpaka mapajani, jani mkononi. Akakatiza uwanja bila kumtazama mtu, akaelekea kwa mzee. Wageni wakadhani onyesho limeanza, wakamfuata na kamera zao, nami nyuma yao nikitafsiri huku nakimbia. Shemeji akapiga goti. Mzee akalipokea jani, akalinusa, akaliweka kifuani.

"Nimekusamehe."

Nikashusha pumzi iliyotikisa migomba. "Basi twende uwanjani, mzee wangu."

"Huyu nimemsamehe. Lakini siimbi huku mpaka wangu umefungwa kwenye turubai."

Tukarudi kufungua nguzo moja moja. Wageni nao wakabeba masale mabegani, tukaandamana hadi kihambani, majembe yakatoka. Jembe la kwanza lilipogusa udongo, mzee akaanza wimbo wa kulimia, mwenyewe, bila kuombwa. Akina mama wakaitikia. Mama wa buti akawa anashindilia udongo kwa kufuata mdundo, na alishindilia vizuri kuliko shemeji. Mwongozaji alikuwa anapiga picha kwa simu mbili. Nikaona kabisa wale wa Mwika wamekwisha.

Tulipopanda shina la mwisho, mzee akafumba jicho moja na kupima mstari.

"Katikati hapa umepinda. Umeingia kwangu."

"Umeingia kwangu," shemeji akasema, jani la msamaha hata halijanyauka.

Mwongozaji akanitazama, wageni wakanitazama. Nikawaambia kwamba sasa inafuata sehemu ya pili. Wakapiga makofi. Mzee akaanza wimbo upya, tukaanza kung'oa, na mama wa buti akaomba jembe.