Maelezo Yaliyobaki Chini ya Slaidi

Hadi leo mtu akiniambia nipunguze maneno, damu inanichemka.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni nilikuwa mpiga chapa wa mradi mmoja wa kilimo hapa Ifakara, na katika ofisi nzima ni mimi peke yangu niliyejua kutengeneza slaidi kwenye kompyuta. Nilijiona mtu kweli. Nilijua kuweka rangi ya bluu nyuma ya maandishi, kuweka nukta mbele ya kila mstari, na kuifanya mistari iingie mmoja mmoja kutoka kushoto, kila mmoja na mlio wake.

Mradi ulileta mtaalamu kutoka Dar es Salaam kutafuta eneo la shamba kubwa. Alizunguka upande wa Lupiro, kwenye bonde la mpunga, mwezi wa Agosti, vioo vya gari vimefungwa. Sasa Agosti utamkuta nani bondeni? Mtoto mdogo wa huku anajua kwamba mvua zikikaribia watu hufunga nyumba zao, hubeba sufuria, kuku na watoto, wakahamia kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu huko huko shambani, wakalinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe mpaka wavune. Mama yangu alikuwa na shamba lake huko tangu sijazaliwa. Mtaalamu akarudi na mstari mmoja: Eneo halina wakazi.

Nilimweleza. Nikaandika habari yote ya madungu, ikajaa slaidi mpaka mistari ya mwisho ikamwagika nje. Akacheka, akasema slaidi ni mistari sita, huyu dada anataka kutunga kitabu. Akanionyesha mahali pa maelezo ya msemaji, chini ya picha ya slaidi.

"Yaweke humo," akasema. "Nitayasema kwa mdomo."

Nikayaweka humo yote, na jina la mama nikalitaja. Niliridhika kabisa, mjinga mimi.

Siku ya mkutano wa kijiji wa kupitisha eneo hilo, jenereta lilinguruma nje ya ukumbi, na watu wakafurahia kuona herufi zinavyoruka ukutani. Mama, ambaye anasoma vizuri tu, alikaa mstari wa pili. Mstari wa "Eneo halina wakazi" ukaingia na mlio niliouchagua mwenyewe. Nikamtazama mtaalamu nikisubiri aseme yale ya chini. Akabonyeza, slaidi nyingine ikaja.

Mama akanyoosha mkono. Yule bwana akamwamkia shikamoo, akamwambia maswali yana slaidi yake mwishoni. Ilipofika, yeye na wageni wenzake wa mradi walikuwa wanawahi safari ya Morogoro. Neno "Maswali" lilikaa ukutani kidogo tu, likafuatwa na "Asanteni". Wajumbe wa kijiji wakanyoosha mikono kukubali, wakapiga makofi. Heshima gani hiyo, ya kumwamkia mtu mzima kisha kumnyima nafasi ya kusema neno moja kuhusu shamba lake? Kabla ya vuli walishaweka mawe ya mipaka, shamba la mama likiwa ndani.

Jioni ya siku ile ya mkutano nilifika kwa mama nikimlaani mtaalamu tangu mlangoni. Nilimwambia niliandika kila kitu, ila sehemu ile huwa haionekani ukutani, anaiona msemaji peke yake. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Wewe ulikaa hatua mbili kutoka kwake," akasema. "Ulikuwa unajua yaliyoandikwa. Mbona hukusimama?"

Nilitaka kusema ningefukuzwa kazi. Nikaona aibu kulitamka.

Mvua zilipokaribia, majirani wenye mashamba kwingine walipita na mizigo yao, wakamwita kwa mazoea, kisha wakakumbuka, wakaendelea na njia. Mama aliwaitikia vizuri. Alichukua ufagio akafagia uwanja uliokuwa safi tayari, nami nikiwa nimesimama pale sina la kumsaidia.