Bomba lililozinduliwa kwa maji ya kisima cha mama mkwe wangu

Wakuu, habari za saa hizi. Mlionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo. Mliobaki wote, marahaba.

Mimi ni bibi wa hapa Tabora, nakaa Itetemia, nalima mahindi yangu nyuma ya nyumba na sina ugomvi na mtu. Simu hii mjukuu alininunulia ili nionane na wanangu walioko Dar. Humu nimeingia mwenyewe, hakuna aliyenituma.

Ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, na mengine niliyabeba kwa kichwa changu hiki. Anayedhani ni chai, hadithi ya kutunga, apite tu, nyuzi za mpira ziko nyingi.

Iko hivi. Juzi kwenye grupu letu la simu imerushwa picha ya uzinduzi wa bomba la maji, mtaa mmoja wa mji huu, jina naliacha. Mgeni rasmi kainama, kafungua koki, maji yanaruka. Akina mama wamepangwa na ndoo mpya, zote rangi moja. Chini vijana wameandika "Tabora inapaa".

Sawa, na ipae. Mimi nikauliza swali moja tu, tena kwa adabu: mbona nyuma ya ule ukuta linaonekana boza, lile lori la kubebea maji?

Jamani, nilichokipata! Mmoja akasema bibi katoa povu. Mwingine akasema watu kama nyinyi ndio mnaturudisha nyuma. Wa tatu akamaliza kabisa, akaandika: "Huyu ni mpinga maendeleo, akalale."

Mpinga maendeleo. Neno hilo nimeshaitwa, tena nikiwa na mtoto mgongoni, kabla mama yake huyo kijana hajazaliwa. Kwa hiyo leo silali. Vuteni viti.

Niliolewa upande wa Usoke, kwa watu wa tumbaku. Jina la kijiji sitalitaja kwa sababu watu wake ni ndugu zangu mpaka leo. Mume wangu aliitwa Maganga, sasa ni marehemu. Mama yake aliitwa Nyanzala, na kisa hiki hasa ni cha kwake.

Kwao bibi arusi hakuhesabiwa ameingia nyumbani mpaka mama mkwe ampeleke kisimani. Nami nilipelekwa. Kilikuwa ukingoni mwa mbuga, karibu na ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji. Babu yake Nyanzala alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu mpaka pwani, na akirudi alikuwa akitua mzigo pale. Ukoo wao ndio uliokitunza.

Siku ile nilipewa masharti. Unachota kwa kata ya kibuyu. Sufuria lenye masizi halikaribii. Ugomvi unauacha njiani. Na mpita njia, hata kama humjui, hata kama ni jioni na umechoka, hanyimwi maji.

Hilo la mwisho ndilo Nyanzala alilolishika kuliko yote. Nilimwona akimpa maji mtu aliyemwibia kuku, halafu ndipo akaanza kumgombeza.

Ikaja miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa.

Hapa naomba msininukuu vibaya. Mimi si katika wale wanaotukana kila kitu cha wakati ule. Shule tuliipata kule, wanangu walisoma bila kufukuzwa kwa kukosa ada, na zahanati ilikuwepo. Yapo mema na nayasema.

Lakini kwenye maji, hapana. Tulipangwa mstari mmoja kando ya barabara kama miche ya tumbaku, ili viongozi wakipita na gari watuone vizuri. Tukiuliza maji, tunaambiwa yanakuja. Visima vyote vilibaki kule tulikohama, kwenye mahame. Basi wanawake kila siku tunatembea kurudi kule kule tulikokatazwa kurudi.

Maganga akachaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Mume wangu alikuwa mtu mwema, mchapakazi, hanywi, hapigi mke. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kumwambia mkubwa hapana.

Baada ya maneno mengi likajengwa tanki juu ya nguzo, na bomba moja katikati ya kijiji, koki yake inang'aa. Kilikosekana kitu kimoja, mashine ya kusukuma maji mpaka kwenye tanki kutoka kisima kirefu walichokitoboa hapo, ambacho ndoo haiingii. Mashine, tukaambiwa, iko njiani.

Kabla haijafika, ukaja ujumbe kwamba kiongozi mkubwa anapita kuzindua.

Mpaka leo sijui kama huyo mgeni alijua kuwa hakuna mashine. Waliomleta walijua, maana wao ndio waliotuambia iko njiani. Hiyo ndiyo inayonipandisha hasira. Uongo ulipikwa ofisini, halafu aibu ikaletwa kijijini tuihangaikie sisi.

Maganga alirudi nyumbani hana rangi. Akamweleza mama yake. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nikajua sasa mama mkwe atamcheka, maana hakuwahi kulipenda lile tanki hata kidogo.

Nyanzala hakucheka. Akasema, "Mgeni hawezi kuja kwetu akafungua bomba likatoka upepo. Aibu hiyo ni ya mwenyeji. Nendeni mkachote kwangu."

Mnanielewa wakuu? Hakuna aliyemshika mtu shingo. Sisi wenyewe, kwa adabu zetu za kupokea wageni, tulikwenda kuchota.

Wanawake wa kijiji kizima tulitoka. Madebe, mitungi, vibuyu. Wanaume walipanga foleni kwenye ngazi wakipokezana madebe kwenda juu. Tanki likawa halijai. Haraka ilipozidi watu wakaanza kuchotea hata masufuria ya jikoni, meusi tii. Nyanzala aliyaona masizi yanaelea juu ya maji yake, akageuza uso. Tulipomaliza, kisima kilikuwa kimebaki tope.

Mgeni akaja na Landrova zake. Tukaimba, ngoma ikapigwa, vumbi mpaka puani. Akafungua koki, maji yakatoka, tena kwa nguvu. Bwana maji aliyefuatana naye kutoka mjini akakinga bilauri akampa, naye mwenyewe akakinga nyingine. Mgeni akanywa yote, akafuta mdomo, akasema hajawahi kunywa maji matamu kama yale mkoa mzima.

Nyanzala akatabasamu. Mgeni kanywa kwake na karidhika, mwenyeji atake nini tena. Nikikumbuka lile tabasamu mpaka leo linaniuma kifuani.

Ndipo mgeni akaanza hotuba. Akasema tumepiga hatua, na anayepiga hatua hageuki nyuma. Kwa kuwa sasa kijiji kina maji safi ya bomba, yale mashimo yote ya kwenye mahame yafukiwe, watu waache kisingizio cha kurudi kule. Yafukiwe wiki hiyo hiyo.

Na watu wakapiga makofi!

Naapa wakuu, walipiga. Tulikuwa tumeshazoeshwa kwamba mgeni akinyamaza kuvuta pumzi, ni makofi. Mikono ilianza kabla masikio hayajasikia.

Nyanzala akamtazama mwanawe. Maganga amesimama pale pembeni ya mgeni, na maneno yaliyotakiwa ni machache tu: mkubwa, maji uliyokunywa yametoka kwenye hilo hilo shimo. Nilimwona anafungua mdomo, kisha akaufunga. Akisema, ina maana mgeni amedanganywa, na aliyemdanganya ni mwenyekiti. Miaka ile uliweza kuitwa mhujumu kwa kidogo kuliko hicho.

Basi nikanyoosha mkono mimi. Mtoto mgongoni, kanga imelowa. Nikasema, "Shikamoo mzee, naomba niulize habari ya mashine." Sikumaliza. Mmoja wa waliofuatana na mgeni akasema kwa sauti kwamba wapinga maendeleo hawakosekani, watu wakacheka, jirani yangu akanivuta kanga nikakaa.

Ndiyo hilo neno, kijana wa grupu. Umenikumbusha.

Kisima kikafukiwa. Walikuja watu na sepetu, wakatupia mawe, udongo, na matofali ya nyumba zetu wenyewe tulizohama. Nyanzala hakwenda kuangalia. Alikaa ndani anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Maji ya tanki tuliyatumia kwa kubana, yakaisha. Ikafunguliwa koki ikatoka upepo, ule ule tuliomwepusha nao mgeni. Kiangazi kikakaza. Tukawa tunakwenda mbuga ya mbali kupita ile ya zamani, tunachota dimbwi moja na ng'ombe. Mwanangu Yohana, yule wa mgongoni, akaanza kuharisha, akalegea, hata kunyonya hataki.

Tukapanda treni mimi na Maganga tukamleta hospitali hapa mjini. Mungu ni mwema, mtoto alipona. Siku ya kutoka Maganga akasema, kabla ya kurudi twende ofisini tukaulizie ile mashine.

Tulimkuta yule yule bwana maji. Alitupokea vizuri sana, akatupa viti, akamshika mtoto shavu. Maganga akajieleza yote, mpaka habari ya tanki kukauka na mtoto kuugua. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho, kwa upole kabisa, kisha akamwambia:

"Mwenyekiti, kijiji chako kina maji. Nilikuwepo. Niliyanywa mwenyewe."

Maganga safari hii akasema. Akasema yale maji tuliyabeba kichwani, wake zetu na mama zetu. Yule bwana akatazama mlango kwanza, akashusha sauti. Akasema anajua. Lakini uzinduzi umeshafanyika na taarifa imeshakwenda juu, na mashine ilipofika ikapelekwa kwenye kijiji kisichokuwa na maji.

Hebu irudieni hiyo. Mashine yetu wamepewa wengine kwa sababu sisi tulikuwa na maji. Na tulikuwa na maji kwa sababu tulimwonea mgeni huruma.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikatoka. Ningekuwa na debe ningempiga nalo.

Tulipofika nyumbani Maganga alimweleza mama yake. Nyanzala akamwambia arudie. Akarudia.

"Kwa hiyo tulimnywesha, ndiyo maana wametunyima," akasema.

Akachukua jembe akatoka. Hakuita mtu. Mimi nikamkabidhi jirani mtoto nikamfuata, wanawake wengine wakafuata. Na Maganga akaja, mchana kweupe, barabarani, sepetu begani, kila mtu anamwona. Akaingia shimoni kabla yetu. Kwa hilo baadaye walimvua uenyekiti, na siku aliyovuliwa nikapika kuku.

Tulitoa mawe, tukatoa matofali. Tofali moja nililitambua, lilikuwa la jikoni kwangu. Maji yalirudi, lakini machache, na yalikuja na rangi. Nyanzala akachota kwa kata, akaonja, akatema.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mpita njia akiomba maji alikuwa akimpa kama zamani. Ila sasa kabla ya kumpa alikuwa anamwomba radhi. Anashika kata kwa mikono miwili, anasema, "Utanisamehe baba, kisima chetu hakikuwa hivi." Mtu mwenyewe hata hajui anaombwa radhi ya nini.

Na waliopaswa kumwomba radhi yeye, hakuna hata mmoja aliyekuja. Amekufa hivyo hivyo. Mashine haikuja, na tanki lipo mpaka leo, limejaa viota vya ndege.

Sasa mnaniambia nikalale.

Nilichojifunza mimi ni hiki, na mkitaka mnitukane tena. Makofi ya uzinduzi yanapokelewa juu kama stakabadhi. Ukishapiga, umesaini kwamba mzigo umefika, na ukienda kudai utaambiwa ulikuwepo, mbona ulicheka kwenye picha. Ukiona boza limejificha nyuma ya ukuta, uliza pale pale, mgeni akiwa bado amesimama. Akiaibika na aaibike, yeye atapanda gari aende kuoga kwake.

Akina mama wa zile ndoo za rangi moja siwalaumu hata kidogo. Najua adabu waliyolelewa.

Wakuu, kabla hujanijibu naomba kitu kimoja. Inuka hapo ulipo, nenda kwenye bomba lililozinduliwa mtaani kwenu, lile lenye jiwe na jina la mgeni rasmi. Lifungue. Halafu rudi humu uniambie limetoka nini.