Nguzo za Minyororo Kwenye Malisho

Katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, nguzo yoyote ngeni iliyochimbiwa kando ya ziwa iliwatia watu hofu. Upande wa mjini walikuwa wameshaona: nguzo chache, halafu uzio, halafu kiwanda cha minofu, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa pale wakaishia kugombania mapanki, mifupa ya sangara waliokwisha kutolewa minofu, getini. Kwa hiyo mzungu mmoja mtafiti wa dhahabu alipokuja kijijini kwetu, karibu na Kigongo, akasimika nguzo za chuma katikati ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika ili ng'ombe wayakute kiangazi, hakuna aliyeamini kwamba ni mchezo.

Mimi niliamini, kwa sababu alinionyesha. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mgeni kutoka Kagera, na ndimi niliyekuwa nikimtafsiria Kiingereza chake. Kila nguzo ilikuwa na kikapu cha chuma, na juu yake minyororo inaning'inia. Unarusha kisahani cha plastiki kutoka mbali. Kikigonga minyororo, kinadondokea kikapuni. Anayevimaliza vikapu vyote kwa kurusha mara chache ndiye mshindi. Rafiki zake wangekuja Jumamosi kutoka Mwanza kushindana.

"Mwenyekiti wa kijiji ameniambia wanakijiji wamekubali," alisema.

Sikuwa nimesikia mkutano wowote.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mjane mmoja wa Kisukuma, mwenye ng'ombe wengi kuliko jirani zake. Jioni ile nilimkuta uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetoka kwa mzungu wako?"

"Ni mchezo tu, bibi. Jumamosi watacheza, yaishe."

"Na kile kiwanda kilianza na nini? Si nguzo?" Hakuniangalia. "Njia ya ng'ombe kwenda majini inapita katikati ya vyuma vyake. Jumamosi ng'ombe wangu watakunywa maji."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumamosi pikapu za wageni zilifika mapema. Wanawake walikuwa wamepanga sangara wa kukaanga, ndizi na soda chini ya turubai. Kisahani cha kwanza kilipogonga minyororo, watoto walishangilia, nami nikaanza kupumua. Ndipo ng'ombe wakatokea kileleni mwa kilima kilichokuwa juu ya malisho. Mbele yao alikuwa bibi, na nyuma yake wafugaji wenzake wameshika fimbo. Alishuka taratibu hadi kwenye nguzo iliyoziba njia, akasimama.

"Mwalimu, mwambie hivi," alisema kwa sauti. "Hapa hatujamgawia mtu. Hatukuitwa mkutanoni. Ang'oe vyuma vyake, la sivyo tutaving'oa wenyewe."

Mwenyekiti, aliyekuwa pembeni yangu, akaniinamia sikioni. "Mwambie mzungu kwamba bibi anawakaribisha wageni, ila anaomba ng'ombe wapite. Basi." Kisha akaongeza: "Kumbuka wewe hapa ni mgeni."

Mwenyekiti alikuwa na sauti kubwa kwenye kamati ya shule, nami nililijua hilo. Mzungu alikuwa akitabasamu, akingoja. "Anasema nini?"

Nikamweleza maneno ya bibi, neno kwa neno. Tabasamu likapotea.

"Muulize mwenyekiti ni mkutano gani uliokubali."

Swali hilo nililisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufundishia darasani, ili kila mtu asikie.

"Mambo ya serikali hayajibiwi porini!" mwenyekiti alifoka.

Watu walinguruma. Jiwe likatoka nyuma ya umati, likagonga kikapu, na minyororo ikalia. Ng'ombe wakashtuka. Wakasukumana kuelekea turubai, wageni wakakimbilia magari yao. Bibi alipiga mluzi mrefu, akawaita ng'ombe kwa Kisukuma, akatembea kuwaelekea na mikono wazi. Wakapunguza mbio, wakasimama.

Mzungu aliikumbatia nguzo ile akajaribu kuing'oa peke yake. Haikutikisika. Wanaume wawili waliokuja na fimbo wakaziweka chini, wakamsaidia, ikatoka. Wangeendelea na nyingine, lakini mama muuza samaki akasimama.

"Mkiwafukuza, sangara wangu atawala nani? Ninyi mna ng'ombe. Mimi nina nini?"

Wanawake wakaanza kujibizana. Bibi akamgeukia yule mama.

"Ng'ombe wanywe kwanza," alisema. "Kisha wacheze. Jua likizama, kisibaki chuma hata kimoja."

Nikatafsiri. Mzungu akakubali. Wageni wakakaa juu ya majabali, wakangoja mpaka ng'ombe wa mwisho alipopanda kutoka ziwani. Kisha wakacheza, bila kelele nyingi, na samaki wakanunuliwa. Kabla ya giza nguzo zote zilikuwa kwenye pikapu na mashimo yamefukiwa.

Baadaye watu walidai mkutano mkuu wa kijiji. Mwenyekiti aliulizwa maswali mbele ya wote, na njia ya ng'ombe ikapandwa katani pande zote mbili hadi majini, ili asitokee mwingine wa kusema hakuiona.

Mashindano hayakurudi kwetu. Yule mama alinilaumu kwa hilo. Nikipita kwake alikuwa akigeuza samaki kikaangoni, asiinue macho. Muhula uliofuata nilihamishiwa shule nyingine, na hakuna aliyeniambia sababu. Nilifungasha vitu vyangu bila kuuliza, na bibi alinisaidia kufunga godoro kwa kamba.