Faini ya Mdogo Wangu

Kwetu milimani, juu ya Same, siku ya msaragambo kijiji kizima kinatoka kusafisha ndiva, bwawa letu la maji ya kumwagilia. Watoto wanazoa majani kwenye mfereji. Mtoto asiyetokea anapigwa faini: anapukuchua ndoo ndogo ya mahindi, ya kupikia makande msaragambo ujao.

Mdogo wangu ana miaka tisa na mtindio wa ubongo. Miguu yake inakaza, mkono wa kulia una mambo yake, na maneno yanatoka polepole, ila yakitoka yanachoma. Siku za kazi mama humkalisha kando ya mfereji, naye anaamrisha wenzake: "We, jani lile pale."

Siku moja aligoma kwenda. Nilimvalisha sweta asiyoipenda, akanuna, akabaki nyumbani na bibi.

Jioni tulimbeba hadi ndiva, watoto wakapangwa mstari kuhesabiwa. Msimamizi wa mfereji, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka bonde, akawatoa mabinti wawili wa jirani waliokwenda kuchuma mapera. Faini. Alipomfikia mdogo wangu akampapasa kichwa. "Wewe umesamehewa, mwanangu."

Mdogo wangu akaanza kulia, kile kilio chake cha mwili mzima.

"Miguu inauma?" mama akauliza.

"Hapana." Tukasubiri. "Na mimi sikuja."

"Tunajua, mwanangu. Hukuweza," mama akamwambia.

"Niliweza. Nilinuna."

Watu wakacheka. Msimamizi hakucheka. Akachuchumaa mbele yake.

"Ulinunia nini?"

"Sweta."

"Yaani umetegea msaragambo kwa ajili ya sweta?"

"Ndiyo, mama."

"Basi faini. Ndoo, kama wenzako."

"Jamani, na vidole vyake hivi?" mama akasema.

"Mama," mdogo wangu akamwambia, machozi bado mashavuni, "usiingilie."

Kesho yake walipukuchua wote watatu uani kwetu. Punje za mdogo wangu ziliruka kama panzi.

"Wewe unalisha kuku," binti mmoja akamwambia.

"Na wewe unaongea sana."

Yule wa pili akataka kumsaidia. Mdogo wangu akaficha hindi kwapani. Mikono ilikuwa inaniwasha nimsaidie. Baada ya muda akalitoa mwenyewe, akamnyooshea. "Shika. Ila napukuchua mimi." Yule akashika kwa mikono miwili, mdogo wangu akasukuma punje kwa dole gumba la kushoto, na mimi kichwani nikawa nimeshamfanya mwenyekiti wa mfereji.

Wenzake walimaliza siku ile ile, yeye akabakiwa na nusu ndoo. Asubuhi iliyofuata wakaja tena. Nikawauliza wamefuata nini, maana faini yao imekwisha.

"Tumemfuata mfungwa mwenzetu," mmoja akajibu.

Mdogo wangu, hindi tayari mkononi, akawaambia wamechelewa.